Kiti cha Mstari wa Mbele

ROLAND: Haloo? Nani huyo?

BRENNA: Baba, ni mimi, Brenna. Simu yangu imezima, hii nimeazima. Umeshakaa?

ROLAND: Mbele kabisa, uliponiweka. Bado kidogo nikalie bendera.

BRENNA: (anacheka) Sikiliza basi, seneta anapanda jukwaani sasa hivi. Akimaliza kuzisema zile mahakama za Ulaya zinazotaka kuwashtaki askari wetu, atakunyooshea kidole. Wewe simama tu, upunge mko—

ROLAND: Hotuba nimeisoma.

BRENNA: Umeipata wapi?

ROLAND: Kwenye bahasha ya mwaliko. “Taifa lililomzaa Sajenti Roland Lindquist halifundishwi sheria na wageni.” Umeandika wewe?

BRENNA: Ndiyo kazi yangu, baba.

ROLAND: “Kule Iraki alimpa maji yake ya mwisho mtoto aliyekuwa akilia kando ya barabara.”

BRENNA: Kwani hukumpa?

ROLAND: Nilimpa. Alikuwa analilia nini, Brenna?

BRENNA: (mkwaruzo) Huku nyuma ya jukwaa kuna kelele, sikusikii vizu—

ROLAND: Unanisikia sana! Nilikusimulia jikoni, wiki tuliyomzika mama yako. Lile gari. Baba wa yule mtoto kwenye usukani. Nani alimfyatulia risasi?

BRENNA: Lakini si mlichunguzwa? Mkaonekana hamna—

ROLAND: Tulijichunguza! Kapteni wangu, siku mbili, na kahawa mezani. Tukajikuta wasafi.

BRENNA: Sasa unataka nini? Ukafungwe huko na watu wasiokujua?

ROLAND: Nilitaka mtu mmoja aniulize. Mmoja tu, asiye wetu. Miaka yote hii, hakuna.

BRENNA: Baba, nakuomba. Nimemwahidi seneta. Usiposimama, kesho sina kazi.

ROLAND: Nilikupa habari nzima, mwanangu. Wewe ukachukua maji, basi.

BRENNA: Na ningeandika nini? Nani angepiga makofi?

ROLAND: Ndiyo hivyo.

BRENNA: Nisamehe. Tutaongea nyumbani, naapa, tutaongea yote. Ila leo, dakika moja tu, kwa ajili yangu... Haya, huyo anapanda!

ROLAND: Namwona. Ukumbi mzima umeinuka.

BRENNA: Na wewe? (mkwaruzo) Baba? Na wewe umesimama?

ROLAND: Nimekaa. Chungulia uone. Haya, rudisha simu ya watu.