Jibu Ndiyo Kabla ya Jioni

Benchi la kijiweni lilikuwa mbao mbili juu ya matofali, limeegemea ukuta wa saluni, na kila mtu alikuwa na mahali pake. Karibu na birika la Shangazi, muuza kahawa, alikaa Cherehani, fundi nguo mstaafu. Katikati alikaa kinyozi mwenye saluni, waliyemwita Waziri ingawa hajawahi kuongoza hata kikao cha harusi. Mwisho alikaa Betri, dereva wa teksi, ambaye akianza kusema ni mpaka aishiwe chaji. Alasiri hiyo Cherehani alikuja na simu ya marehemu mkewe. Mama Bustani, kama mtaa ulivyomwita, alikuwa mteja wa kampuni moja ya kutengeneza bustani, na kampuni haikuwa na habari ya msiba. Kila msimu ukigeuka ilimtumia ujumbe. Cherehani aliichaji simu ile kwa ajili ya ujumbe huo tu. Simu yake mwenyewe siku hizi ilikuwa saa tu, hakuna aliyeipigia. Leo alitaka jambo moja, na aliona haya kulisema: mmoja wao aseme, "Twende kwako tukaione hiyo bustani." Peke yake hakuwa na moyo wa kuingia humo.

— Haya, tegeni masikio, alisema, akavaa miwani. "Habari za msimu. Mvua zimekaribia. Tumepokea mawaridi ya manjano yasiyo na miiba, mmea utambaao wa kufunika ukuta, na ua la zambarau linalofunguka jioni. Jibu NDIYO kabla ya jioni, fundi wetu aje kuitazama bustani yako bure."

— Bure? Waziri alishtuka hadi kahawa ikamwagika. Ndugu yangu, ogopa sana hilo neno.

— Mimi naogopa hayo mawaridi, alisema Betri. Waridi bila miiba! Nani kaitoa? Kaipeleka wapi?

— Wameihamishia kwenye bei, alijibu Waziri.

Shangazi akacheka. Cherehani naye akacheka, kwa kuwa benchi lilipochangamka hivyo aliiona nyumba yake tupu iko mbali.

— Lakini huo wa kufunika ukuta si mbaya, alijaribu. Ukuta wa nyuma ulikuwa unamkera sana marehemu. Labda mtu angeutazama...

— Thubutu! Betri alimkata. Nilimbeba abiria aliyeupanda. Mwezi wa kwanza ukuta, mwezi wa pili paa. Mwezi wa tatu anarudi kazini, hauoni mlango! Kalala kwenye teksi yangu.

— Acha uongo, Betri, alisema Shangazi.

— Haki ya Mungu! Na hao hao kampuni ndio waliomuuzia mkasi.

— Wewe unaona karibu, alisema Waziri, akashusha sauti kama mwenye siri ya serikali. Jiulize, ua gani linasubiri jioni ndipo lifunguke? Jioni ndiyo watu wanarudi nyumbani. Lile linaangalia! Linahesabu nani kaingia, nani katoka. Fundi anakuja bure kuchagua pa kulisimika. Mkija kushtuka, mtaa mzima wanaujua.

— Kwangu litahesabu mtu mmoja, alisema Cherehani.

Alilisema kwa mzaha. Akamtazama Waziri, kisha Betri, akasubiri.

— Ndiyo hatari yenyewe! Waziri alipiga paja. Wakijua uko peke yako, wanakuletea na mchumba wa kampuni. Anakuja na toroli lake la mbolea, kumbe kaja kukaa!

Benchi likavunjika mbavu. Mpiga rangi mmoja, mgeni pale mtaani, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo yake na kikombe mkononi, naye alicheka. Kisha akamgeukia Cherehani.

— Samahani, mzee wangu. Kwani sasa hivi huko bustanini kuna nini?

Siku ya msiba Waziri alikaa sebuleni, akaondoka na ahadi ya kurudi wiki ile ile. Betri aliahidi hivyo hivyo, tena kwa kiapo. Shangazi, aliyekuwa akipewa miche na marehemu kupitia dirisha la jikoni, alianza kufuta vikombe visafi. Wote wakamtazama mwenye nyumba.

Cherehani naye hakujua. Tangu azike, mlango wa uani hakuufungua, na pazia la jikoni alilishonea pindo la chini kwenye fremu kwa misumari midogo, kazi safi ya fundi, upepo usije ukalifunua.

— Sijui, mwanangu, alisema.

— Lazima tuje tukuone, mzee, alisema Betri, na mara akakumbuka abiria.

— Wiki hii hii, alisema Waziri. Mteja alikuwa akimsubiri kitini.

Mpiga rangi aliitwa na bosi wake, akabeba ndoo. Cherehani alinyoosha kikombe. Shangazi akaliinamisha birika mpaka kifuniko kikacheza.

— Imekwisha, kaka yangu. Kesho.

Akabaki na benchi zima. Jua lilikuwa linashuka. Akaitoa simu ya mkewe, akaandika kwa kidole kimoja: NDIYO. Angalau fundi wa kampuni angehitaji kufunguliwa mlango.

Jibu lilikuja upesi, la mtu kweli, na makosa ya haraka ndani yake. "Asante sn Mama. Siku nyingi kimya, tulidhani umetutupa."

Cherehani aliivua miwani.

— Hata mimi, aliiambia simu. Hata mimi, mama.