Mchoro wa Moyo Ambao Bibi Aliwaachia Wote

Bibi yetu, ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Wino, alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, mtoto wa tatu wa karani wa posta na mshona nguo.

Alianza shule mwaka 1960. Darasa zima lilikuwa na kitabu kimoja cha mwili wa binadamu, wakapokezana kunakili picha zake. Kuanzia 1974 alifundisha biolojia miaka thelathini na minane.

Mwaka 1976 aliolewa na Babu, seremala. Babu alikuja kutengeneza mlango wa darasa, akaona kiwiko kimechorwa ubaoni, akaomba auige mchoro huo atengenezee bawaba. Bibi akamwambia, "Chukua, ila useme umeutoa wapi." Mpaka leo mteja wa mlango haondoki bila kusimuliwa habari za kile kiwiko.

Alipostaafu aliweka michoro yake mtandaoni kwa leseni huria: yeyote anakili, abadilishe, hata auze, mradi amtaje na awaachie wengine uhuru uleule. Nilimuuliza, "Bibi, kwa nini bure?"

"Mimi nilinakili kitabu cha watu, mjukuu wangu. Nani alinifungia?"

Katika mchoro wa moyo alikuwa amekosea, vali mbili, vile vilango vya damu, zimebadilishana majina. Nesi wa mbali, asiyemjua kabisa, akausahihisha na kumrudishia. Bibi alifurahi siku nzima, akaandika jina la nesi chini ya lake.

Kampuni moja ya vitabu ikachukua ule wa zamani, ikafuta jina la Bibi, ikachapa "Haki zote zimehifadhiwa." Na kosa wakalihifadhi! Nilikikuta kitabu hicho darasani kwetu. Wazee wangu mniwie radhi, huo ni wizi. Ni sawa na kunywa maji ya kisima cha wote kisha ukakitia kufuli.

Mwaka jana Bibi alianza kuvimba miguu. Daktari alimweleza ugonjwa wa moyo kwa mchoro wa ukutani, uliosahihishwa, wenye majina yote mawili. Bibi akasema, "Sogea kidogo, daktari, nione kama wamenakili vizuri." Alifariki tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Juzi, hata kaburi halijachimbwa, mtu wa kampuni ileile alileta rambirambi mkono huu na mkataba mkono ule: tuwape michoro yote, itoke mtandaoni. Nilitamani kunawa mikono niliyompokelea. Mjomba alishaomba kalamu.

Babu akasema, "Mwanangu, mama yako alishagawa. Huna cha kuuza."

"Lakini baba, wamekuja vizuri."

"Na mlango wangu ni mzuri. Mwonyeshe."

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa, na nesi mmoja wa mbali aliyetutumia pole. Mchoro wa moyo uko nyuma ya karatasi hii. Ukiunakili, sema umeutoa wapi.

Lala salama, Bibi. Tumekutaja.