Bi Kwanini na Kikohozi cha Mzee

Ifikapo tarehe 30 Juni, mhariri wa miswada wa idara yetu ya tamthilia atastaafu baada ya kuitumikia televisheni hii kwa miaka thelathini na mmoja. Uongozi umeniomba niandike wasifu wake katika jarida letu la wafanyakazi, kwa ufupi na kwa uchangamfu. Ufupi nitajitahidi. Uchangamfu ni kazi kidogo, kwa sababu mimi ndiye mwongozaji niliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa, na mtu aliyepandishwa presha na mama huyu kunizidi mimi bado sijamwona.

Alianza kama mpiga taipu. Wakati huo studio ilikuwa na sebule moja ya plaiwudi, kochi moja na pazia moja. Sebule hiyohiyo ilikuwa ya tajiri siku ya Jumatatu na ya maskini siku ya Alhamisi, kwa kubadilisha vitambaa vya kochi tu, na mtu akibamiza mlango kwa hasira ukuta mzima uliitikia. Tamthilia zenyewe zilikuwa na sheria zake. Mtu akitapika ana mimba. Mtu akikohoa anakufa. Mwenye jambo la kuficha hulisema kwa sauti, peke yake, karibu na dirisha, na adui yuko nyuma ya pazia. Habari ya msiba huja kwa simu, na anayeipokea lazima aangushe glasi. Palikuwa na bwana mmoja ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kununua glasi.

Hakuna aliyelalamika, isipokuwa mpiga taipu. Waandishi walipompa miswada yao aichape, ilirudi imechapwa safi, ila pembeni palikuwa na neno ambalo hawakuliandika: “Kwa nini?” Kwa nini hakufunga dirisha kwanza? Kwa nini anaongea peke yake na ana dada yake jikoni? Waandishi walikwenda kushtaki. Mkuu wa wakati ule akampandisha cheo awe mhariri, labda kwa kumtuza, labda akidhani cheo kingemnyamazisha. Matokeo yake sote tunayajua, na jina la Bi Kwanini likamganda hadi leo.

Wasiowahi kufanya naye kazi humsifu sana. Mimi nataka waelewe tulivyoteseka. Siku moja taa zilikuwa zimeshawaka, mwigizaji wetu wa ubaya ameshajibanza nyuma ya pazia anatoka jasho, mpiga picha amehesabu hadi mbili, mara Bi Kwanini anashuka ngazi na kandambili zake, mswada mkononi. Alitaka kujua kwa nini mtu mwenye akili ajifiche mahali ambapo viatu vyake vinaonekana. Tulizima taa. Tulikaa mpaka baada ya chakula cha mchana. Pazia likaondolewa, yule mbaya akakalishwa mezani amuulize mama mwenye nyumba ana kwa ana, naye mama amdanganye huku akimmiminia chai. Onyesho hilo lilikuwa bora kuliko yote ya mwaka ule, jambo lililoniudhi zaidi.

Halafu kuna suala la kikohozi. Mwigizaji anayecheza babu wa familia katika tamthilia yetu, ambaye hata nje ya studio tunamwita Mzee, alikohoa mara mbili wakati tunarekodi. Kilikuwa kikohozi cha kweli, cha vumbi la ile plaiwudi, na muda wa kurudia haukuwepo. Asubuhi baada ya sehemu hiyo kurushwa, majirani walijaa nyumbani kwake na nyuso za msiba. Mkewe akasimama mlangoni akashangaa, kisha akawaambia, “Jamani, huyo mnayemlilia yuko bafuni anaoga.” Mzee akatoka na sabuni masikioni kuwathibitishia.

Mkuu wa vipindi akaona hiyo ni bahati: kwa kuwa mtu ameshaliliwa, basi afe. Bi Kwanini akauliza lile swali lake. Badala ya kifo, akaandika miezi mitatu ya kikohozi. Mzee akaenda zahanati, akapewa dawa ya maji, akagombana na mkwewe, mke wa mwanawe, kuhusu kijiko, akapona. Nilimwambia huku ni kutwanga maji kwenye kinu, watazamaji watatukimbia. Hawakukimbia. Walipiga simu kutetea kijiko, nusu upande wa mkwe, nusu upande wa Mzee. Tangu hapo mtu wa kwenye tamthilia zetu akawa na ruhusa ya kuumwa kama watu wengine wanavyoumwa.

Baadaye zikaja tamthilia za nje zilizotiwa sauti za Kiswahili, za watu wazuri wanaopoteza kumbukumbu kila wakianguka ngazi, tukaamriwa na sisi tupate wa kuanguka. Sasa zimekuja za kwenye simu, za dakika mbili, picha imesimama wima, mtu anaingia tayari analia. Kuanzia Julai na sisi tutakuwa wa dakika mbili. Bi Kwanini amezipinga zote, kisha akaziandika zote vizuri kuliko waliozitaka. Ukitaka kumchukia, anakuharibia sababu.

Lakini vita yake ya miaka ya mwisho ilikuwa moja tu, nayo haijaisha. Mzee amezeeka. Maneno ya mswada yanamtoka kichwani. Akufukuzaye hakwambii toka: kwanza picha yake iliondolewa kwenye tangazo, kisha gari likaacha kumfuata nyumbani, akawa anakuja kwa miguu. Amri iliyopo ni kwamba afe katika sehemu ya kwanza ya Julai. “Akohoe tu mara moja, tumalize,” alisema mkuu wa vipindi kikaoni. Mzee alisikia. Akaenda kwa Bi Kwanini, nami nilikuwepo, akamwambia, “Mwanangu, usigombane na watu kwa ajili yangu. Ila nikishakufa humu, asubuhi nitakuwa naamka niende wapi?”

Bi Kwanini aligombana na watu. Aliandika maneno ya Mzee kwenye gazeti analosoma, kwenye sinia, ndani ya kofia ya mjukuu, nami nikalazimika kupanga kamera ili visionekane. Onyesho la dakika tatu lilikula asubuhi nzima. Safari moja alibandika karatasi mgongoni kwa yule mkwe, ili Mzee asome mkwe akiwa anaosha vyombo. Mkwe akageuka. Wiki nzima watazamaji walituuliza kwa nini yule dada ana karatasi mgongoni. Nilikuwa tayari kuacha kazi.

Sasa yeye ndiye anaondoka, na meza yake nimepewa mimi, pamoja na ile amri. Naona hasira zaidi kuliko huzuni, maana alitufundisha kuwa wakaidi kisha anatuacha na wakubwa.

Kwa kuwa viongozi wetu huwa hawalisomi jarida hili kupita aya ya kwanza, nachukua nafasi hii kukuarifu, dada yetu, kwamba Mzee hafi. Nimempa siri. Yeye peke yake ndiye anayejua mkwewe ni mtoto wa nani, na ameshatamka mbele ya familia nzima kwamba ataisema. Sehemu hiyo imesharekodiwa, na hadi jarida hili lifike mezani itakuwa imesharushwa. Katika tamthilia, ziwe za saa nzima au za dakika mbili, mwenye siri hafi kabla ya kuitoa. Watazamaji wangekuja kuivunja ile plaiwudi. Na kwa jinsi Mzee anavyosahau maneno, kuitoa kutamchukua miaka. Siri yenyewe bado sijaitunga.

Asante kwa kazi, na kwa kutuchosha. Nenda salama ukapumzike, wewe na watu wa nyumbani kwako, na afya isikupungukie. Mzee anatakiwa studio Jumatano saa tatu asubuhi, na ameshaambiwa.