Mzee Randu na Jiwe la Arobaini na Moja

Baada ya miaka thelathini na sita na miezi mitatu ya utumishi, Mzee Randu Dena anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Alijiunga na Shirika letu la Ustawi wa Mashinani, tawi la Malindi, mwaka 1989 akiwa kijana wa miaka ishirini na minne. Anaondoka na baiskeli ileile aliyokuja nayo, ndoo ya chokaa, na siku nyingi za likizo ambazo kila mwaka nilimsihi azichukue akakataa.

Kwa wafanyakazi wapya, cheo chake kwenye faili ni Mtunza Maeneo. Kazi yenyewe ilikuwa kutunza mawe ya msingi. Zamani Shirika likitaka kujenga, liliweka jiwe kwanza: bamba la maandishi juu ya zege, ngoma, hotuba ndefu, soda kwa wote. Mawe yaliwekwa arobaini na moja, kutoka Kaloleni hadi Adu. Kulikuwa na chuo, viwanda, maktaba, hospitali. Majengo hayakuja. Randu akabaki na mawe, akiyafagia, aking'oa magugu, akiyapaka chokaa kabla ya kila sikukuu ya taifa ili mkubwa akipita tusiaibike.

Watu walikuwa wanaamini, jamani. Mimi nilikuwa mtoto lakini nakumbuka mama zetu wakirudi kutoka kwenye sherehe hizo wamekauka sauti kwa kuimba. Masjala kwangu bado kuna bango nyuma ya kabati, limeandikwa: Ifikapo mwaka 2000, kila mmoja wetu. Hapo limechanika. Nimefanya kazi na bango hilo miaka kumi na tisa na sijui kila mmoja wetu angefanyiwa nini.

Visa vyake ni vingi. Kaloleni, kwenye jiwe la kiwanda cha mafuta ya nazi, akina mama walianza kuanika mihogo juu ya bamba. Randu hakuwafukuza. Walikubaliana waanike siku zote isipokuwa sikukuu, na mpango huo ukaenda vizuri miaka mingi. Baadaye wakaacha wenyewe. Walimwambia kwamba jua likiwa utosini wanasikia harufu ya mafuta yakichemka, na mihogo ikikauka inakuwa na ladha ya nazi. Tulicheka ofisini mpaka machozi. Randu aliandika kwenye ripoti: Kiwanda kinaendelea vyema.

Tabia iliyotuchekesha zaidi ilikuwa ya hodi. Randu akifika kwenye jiwe lolote hakukatiza uwanja. Alizunguka kwa kufuata kona, akasimama pahali fulani, akavua ndara, akapiga hodi, akangoja kidogo, ndipo akaingia. Kuingia wapi? Palikuwa na nyasi tu na upepo. Odera, dereva wetu, alikuwa akimuuliza kama leo amekuta chai. Randu alijibu kwa upole kwamba leo hakukaa.

Kisha mwaka jana akaja mkuu wetu mpya, Bwana Thuku. Ni mtu mwema na sina neno baya juu yake. Alituambia kwenye mkutano wa kwanza kwamba Shirika halitaahidi tena jambo lisilopimika. Sasa tunatoa matangi, tunapiga picha ya kabla na picha ya baada, tunafunga faili. Nami nasema kweli, tangi lina maji na wimbo hauna. Lakini siku hiyo hakuna aliyepiga makofi, wala aliyeuliza swali, tukarudi mezani kama watu waliotoka mazishini. Uamuzi wake wa pili ulikuwa kwamba mawe yote yang'olewe, yasagwe kokoto. Randu aandae orodha kabla ya kustaafu.

Akaandaa. Aliniletea nichape. Nilihesabu arobaini, nikahesabu tena. Jiwe la Adu halikuwamo, lile la hospitali ya wazazi. Nikadhani amesahau, nikamwita. Mzee huyu ambaye hajawahi kuomba hata kalamu alishika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili akaniomba hilo moja liachwe.

Ndipo aliponisimulia, mara moja tu, wala sijamuuliza tena. Jiwe la Adu liliwekwa Agosti 1990. Yeye ndiye aliyebeba maji ya kuchanganya zege, na aliimba kuliko wote. Mkewe Kahaso alikuwa na mimba ya kwanza, miezi minne. Mama mkwe alitaka binti yake ashuke Malindi mapema, karibu na madaktari. Randu alikataa. Aliwaambia wote kwamba mtoto wake atazaliwa katika hospitali mpya, kwa kuwa kwenye hotuba walisema Desemba. Januari uchungu ukaanza, na hapo Adu palikuwa na jiwe. Walimtoa Kahaso kwa mkokoteni. Yeye na mtoto walifia njiani, hawakufika hata Marafa.

Nililia, sioni haya kusema. Lakini mimi ni karani, na Bwana Thuku alikuwa na ramani yenye alama arobaini na moja. Aliona upungufu siku hiyohiyo. Hakukasirika, alisema tu twende tukaone, mimi na yeye na Randu, Odera akiendesha. Na fundi wa kung'oa angefuata kesho yake.

Tulifika Adu saa saba mchana, jua kali, hakuna kivuli. Mbuzi walikuwa wanakula pembeni mwa uwanja wa jiwe. Niliwatazama kwa muda kabla sijatambua kilichonishtua. Nyasi nzuri zaidi zilikuwa katikati ya uwanja, nao walikuwa wanazizunguka kwa kando kando tu, wakifika kona wanageuka, kama mbuzi wanavyopita ubavuni mwa nyumba ya mtu. Hakuna hata mmoja aliyekatiza.

Bwana Thuku hana habari na mbuzi. Alishika ramani akaenda moja kwa moja kuelekea jiwe, hatua zake zile za haraka mnazozijua. Akasimama ghafla. Akanyoosha mkono mbele, kiganja wazi, akauacha hapo hewani. Kisha, bila kutuangalia, akazunguka. Alifuata ukuta hadi kona, na kona hadi pale Randu aliposimama amevua ndara. Nimesema ukuta. Sijui niseme nini kingine.

Randu akapiga hodi.

Kutoka ndani ikajibu sauti ya mwanamume, ya mtu wa miaka thelathini na kitu, isiyo na haraka. Ilisema karibu baba, mbona leo umechelewa, mama amengoja mpaka chakula kimepoa. Randu alijibu kwamba amekuja na wageni. Kisha sauti ikatukaribisha sisi sote kwa heshima, kama ilivyo kwetu. Hakuna aliyeingia. Odera alikuwa amevua kofia. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Bwana Thuku na sikumbuki nilivyoushika.

Ofisini Bwana Thuku alikaa, akachukua kalamu, akafuta alama moja kwenye ramani, akatia sahihi. Mawe arobaini yameng'olewa. Kule Kaloleni akina mama wanasema harufu ya mafuta imekwisha, nao wanaulizia Shirika limeifanya nini.

Tulipochanga zawadi ya kumuaga tulimpa Mzee Randu achague kati ya makochi na jokofu dogo. Akaomba mlango. Basi tumempa mlango wa mbao ngumu, fremu yake na komeo la ndani. Odera na fundi waliusimika Adu Jumamosi iliyopita, mahali alipoonyesha. Unasimama peke yake uwanjani, na Odera anasema fremu iliingia bila kupigwa hata msumari.

Jumanne nilimpelekea fomu ya mwisho huko Adu atie sahihi. Nilikuta mlango umefungwa. Nilisukuma, nikasikia komeo likigonga. Ningeweza kuzunguka upande wa pili nikamwona, ni hatua mbili tu. Sikuzunguka. Pale mlangoni palikuwa na ndara za Randu, na viatu vya mwanamume vya mguu mkubwa kuliko wake, na kandambili za kike, nyembamba, za mtindo ambao siku hizi hauuzwi. Niliipitisha fomu chini ya mlango. Baada ya muda ikarudi ina sahihi.

Sehemu ya Watoto ilikuwa imejazwa kwa mwandiko nisioujua. Kwenye faili lake tangu 1991, mbele ya neno Watoto, pana mstari mtupu. Nimeufuta mstari na kuandika: mmoja. Nimeandika kwa wino, na nimepiga muhuri wa masjala.

Ahsante, mzee wetu, kwa miaka yote. Kazi ya kutunza mawe imeondolewa katika orodha ya vyeo, hatakuja mwingine. Utuwie radhi kwa vicheko vyetu. Tunakutakia maisha mema, wewe na wote walio humo ndani.

Sidi Kombe, masjala