Wapangaji wa Ndani ya Paipu

Benchi la Ishiara, huku Mbeere, ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mawe, kati ya duka la tairi na banda la Sharifo anayeuza kahawa ya tangawizi. Jua la huku likishapanda, hata mbuzi hutafuta ukuta wa kuegemea, na wanaume wenye kazi na wasio na kazi hukutana chini ya mabati yale, kikombe mkono mmoja, majani ya muguka ya kutafuna mkono wa pili, wakigombania mambo ambayo hakuna aliyewatuma. Ukikaa hapo ukazoeleka, unapewa jina. Njiru, mnunuzi wa ndengu, ni Bunge, kwa sababu hoja yake hata ikishindwa haikai chini. Elmi, dereva wa lori kutoka Maua, ni Tanki, na ukimwona na kahawa huulizi kwa nini. Kithaka, fundi wa friji, ni Barafu. Ni huyo Barafu aliyefika asubuhi ile akitoka Mombasa. Hakuanza na mzaha kama kawaida yake. Aliketi, akatoa mkobani kitu kilichofungwa kwa gazeti, akakiweka katikati ya benchi.

Kilikuwa kipande cha paipu nene ya mpira, urefu wa kiganja, kimekatwa kwa kisu. Bunge alikiinua akachungulia, akitarajia kuona mwanga upande wa pili. Hakuuona. Ndani kulijaa vitu vyeupe, vigumu, vimebanana kama meno katika mdomo mdogo.

— Hii ni chokaa, Bunge akasema. — Si hata birika la kwetu liko hivi. Ni hii maji yetu ya chumvi.

— Si chokaa, Barafu akamjibu. — Hao walikuwa hai. Niliwaona wakikula.

Tanki alishusha kikombe chake chini, jambo ambalo si la kila siku.

Barafu akaanza kuwaeleza. Dada yake mdogo, Kawira, ameajiriwa kwenye mashua ya kitalii inayolala Mtwapa, jirani na Mombasa, mashua kubwa ya injini yenye vyumba vya kulala, jiko na mashine ya kupoza hewa. Mashine hiyo ilikuwa imekataa kazi. Safari moja mgeni wa makamo, mama wa watu, alizirai chumbani kwa joto, wakambeba hadi juu akiwa amelegea kama nguo iliyolowa. Alipata nafuu, lakini mwenye mashua akaapa kwamba joto likimwangusha mtu mwingine, mashua itafungwa kamba na wafanyakazi wote warudi makwao. Mafundi walikuja wakaongeza gesi. Ikapoza kidogo, ikakataa tena. Ndipo Kawira akampigia simu kaka yake, ambaye bahari alikuwa ameiona kwenye kalenda tu.

Kithaka alifunga spana zake akashuka pwani. Siku aliyoiona bahari alifanya kile ambacho mtu wa huku hufanya akifika mtoni: alitafuta ng'ambo. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akatazama mbele mpaka macho yakamwasha, na ng'ambo haikuwepo. Hakumwambia dada yake, lakini mguu wake ulisita kabla ya kukanyaga mashua.

Kuhusu mashine hakuwa na wasiwasi. Friji ni friji. Inabeba joto kutoka ndani na kulitupa nyuma. Ukipitisha mkono mgongoni mwake utalihisi. Ila alipoizunguka hii ya mashuani hakuona mgongo wowote. Kawira akamwonyesha. Chini ya tumbo la mashua kuna tundu. Maji ya bahari huingia hapo, yanapita kwenye koki, kisha kwenye chujio, pampu inayavuta hadi kwenye mashine, yanabeba lile joto na kutokea ubavuni kurudi baharini.

— Kumbe ni redieta tu, Tanki akasema, akiwa amefurahi kukutana na kitu anachokijua.

— Redieta ya lori iko mbele ya lori, Barafu akamwambia. — Hii bahari yote ndiyo mgongo wa hiyo friji. Fikiria hiyo kitu.

Walifikiria.

Maji ya kutoka ubavuni, kwa maelezo ya Kawira, yalipaswa kuruka mfululizo, unene wa kidole gumba. Siku hiyo yalikuwa yakidondoka kwa kusitasita, kama mzee anayesumbuliwa na kibofu. Kithaka akaachana na habari ya gesi. Alifungua chujio, akalikuta limejaa majani ya baharini, akalisafisha. Maji yakapata nguvu kidogo, kisha yakarudi kule kule. Basi kizuizi kilikuwa nyuma zaidi, kati ya chujio na lile tundu la chini. Akalala kifudifudi kwenye sakafu ya mashua, akaifuata paipu kwa mkono mpaka kwenye koki. Akaufunga mpini wa koki mpaka mwisho. Kawira naye akaujaribu, akaona umefunga. Kithaka akalegeza kamba ya chuma inayoibana paipu kwenye koki, akaivuta paipu itoke.

Hapo Barafu aligeuza viganja vyake juu, akavitazama.

Mpini ulikuwa umezunguka, lakini ndani ya koki magamba meupe kama haya ya paipuni yalikuwa yamejipanga kiasi kwamba mlango wake haukuweza kufunga. Paipu ilipotoka, maji yalimrukia kifuani yakamsukuma nyuma. Tundu lenyewe halikuzidi mdomo wa kikombe cha Sharifo, lakini bahari ilitaka kuingia yote kupitia hapo. Kithaka hakuwaza. Aliweka kiganja chake juu ya tundu, akaongeza cha pili, akaegemeza uzito wake wote.

Ndipo akaihisi. Nyuma ya kiganja chake hapakuwa na maji ya ndoo wala ya mto. Palikuwa na kile kitu kisicho na ng'ambo. Kilikuwa kinamsukuma bila hasira na bila haraka, kama fahali anayeegemea lango akijua mwishowe litafunguka. Maji yalipenya kati ya vidole. Miguu yake ilikuwa imeshalowa hadi kwenye vifundo, na alisikia mashua ikiguna kwa namna ambayo haikuwa ikiguna awali. Aliwaza watoto wake. Aliwaza kwamba yeye, mwana wa Mbeere, kwao mvua ikikataa watu huhesabu matone, sasa anakwenda kufa kwa wingi wa maji.

— Usitoe mkono, Kawira alimwambia.

Hakupiga kelele. Barafu alisema hilo ndilo lililomshangaza kwanza, kwamba yule mtoto aliyebebwa naye mgongoni, aliyekuwa akiogopa hata kuku wa nyumbani, sauti yake ilikuwa tulivu kama ya mtu anayeomba chumvi mezani. Karibu na koki kulikuwa kumening'inizwa kizibo cha mbao, kimechongwa kama karoti. Mashua hukaa na vizibo hivyo kwa siku kama hiyo. Kawira alikifungua, akachukua nyundo ya mbao, akapiga magoti majini kando ya kaka yake.

— Nikikuambia, toa mikono yote miwili, usiangalie nyuma.

Alimwambia. Kithaka akatoa mikono, maji yakaruka mpaka kwenye dari, na katikati ya maji yale akamwona dada yake akikipigilia kizibo, tena, tena, mpaka maji yakapungua, yakawa ya kudondoka, yakaisha. Pampu ya dharura ikabaki ikiyatapika yale yaliyokwisha kuingia. Wawili hao wakakaa kwenye sakafu iliyolowa, migongo ukutani.

— Na hawa wadudu? Bunge aliuliza, akiwa bado ameshika kile kipande. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Hapo ndipo Barafu alitaka kufika. Walipopata nguvu, Kawira aliikata ile paipu vipande, akakitumbukiza kimoja kwenye ndoo ya maji ya bahari, akamwambia kaka yake angoje. Kithaka aliona magamba tu, kila moja kama kilima chetu cha Kiang'ombe kikiwa kimekatwa kilele. Alikuwa karibu kuinuka wakati mlango mdogo ulipofunguka kwenye kilele kimoja. Kikatoka kitu chembamba kama unyoya, kikapunga, kikajikunja kurudi ndani. Kisha jirani yake. Kisha wote, paipu nzima, mamia ya mikono ya manyoya ikipunga ndani ya ndoo, ikikamata chakula ambacho jicho halikioni.

Kawira akamweleza alivyofundishwa na mabaharia. Wakiwa wachanga ni wadogo kuliko vumbi la unga, wanaogelea huku na huku, wanapita kwenye chujio bila habari. Siku ikifika, mmoja anachagua mahali, anabandika kichwa chake hapo kwa gundi anayoitoa mwilini mwake, anajijengea nyumba, na hatoki tena. Ile mikono ya manyoya kumbe ni miguu. Anaishi kichwa chini, akijilisha kwa miguu, mpaka kufa. Mwenye mashua alikuwa amesafiri miezi, mashine haikuwashwa, maji yakalala kwenye paipu, nao wakaona hapo ni kwao.

— Sasa mliwatoa aje? Tanki akauliza.

Waliivuta mashua hadi nchi kavu, wakaweka koki mpya, wakakwangua, na palipopinda pasipofikika wakazungusha siki mpaka magamba yakalainika na kutoka. Sasa Kawira husafisha chujio kabla ya kila safari, huwasha mashine hata wakati hakuna mgeni ili maji yasilale, na mashua ikipumzika hufunga koki na kuosha paipu kwa maji matamu. Kithaka alipanda nao safari ya kwanza. Chumba kile cha chini kilikuwa na baridi ya asubuhi ya Nchiru kule juu, na maji yaliruka ubavuni unene wa kidole gumba. Mwenye mashua alimshika Kawira mkono kumshukuru mbele ya wageni.

Benchi likakaa na habari hiyo. Kisha, kwa kuwa benchi ni benchi, Bunge akapata pumzi.

Alisema yeye sasa ameelewa visiwa vinatoka wapi. Ni mashua zilizosahauliwa. Hao wadudu wanajibandika, watoto wao wanajibandika juu yao, miaka inaenda, unapata kisiwa na miti juu. Tanki alisema hiyo ni ndogo; yeye amepita barabara za jangwani kaskazini akaona magamba kwenye mawe makavu, ambako hata ngamia hupata kiu, kwa hivyo bahari ilishafika huko na inaweza kukumbuka njia. Bunge hakukubali kuachwa nyuma. Akageuka, akanyoosha mkono kuelekea kilima.

— Sasa hiyo Kiang'ombe, mtu atuambie si mashua. Angalia vile imekaa. Sisi ndio tuliojibandika.

Siku nyingine Barafu angecheka mpaka kahawa imtoke puani. Siku hiyo alikitazama kilima tu. Tangu aiegemee bahari kwa viganja vyake, alikuwa amepoteza ule uhakika wa kumwambia mtu kwamba jambo fulani haliwezekani.

Wakati huo alikuja Veronicah, mwanamke aliyehamia Ishiara kutoka Gachoka mwaka huo na kufungua kibanda cha maziwa hapo sokoni. Alikuwa akimtafuta fundi, friji yake imeanza kutoa maji. Aliwasalimu, akawakuta watu wazima wanaizunguka paipu, akauliza ni nini. Barafu akamweleza kwa ufupi: anaogelea, anachagua, anabandika kichwa, hatoki tena. Veronicah alikichukua kipande, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole taratibu juu ya magamba.

— Na akishajibandika, akiona hapa si mahali pake, anafanya aje?

Tanki alimtazama Bunge. Barafu alijaribu kukumbuka kama Kawira alikuwa amesema lolote juu ya hilo, akakosa. Kule ndani ya banda Sharifo, ambaye hajawahi kuchangia hoja yoyote ya benchi, alikuwa amesimama na birika mkononi akingoja jibu kama wengine.

Veronicah alitupia jicho barabara ya kwenda Gachoka, akamrudishia Barafu kipande chake kwa mikono miwili, na fundi akainuka amfuate.