Mguu wa Hulda Mbele ya Mahakama

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Hulda, mke wa marehemu Manase, mkulima wa kule Njombe. Hulda ametutoka wiki hii, akiwa bibi kizee. Wengi walimjua kwa mguu wake wa kulia uliopinda. Wachache walijua kilichoupinda, na masumbufu yaliyofuata.

Zilikuwa zama za Mwingereza, miaka ya hamsini mwanzoni. Hulda alikuwa Makambako, ameketi kando ya barabara na kapu lake la maharage. Lori la mlowezi mmoja wa Kizungu likaja kwa kasi, likaacha njia, likamkanyaga mguu. Dereva alikuwa amelewa. Watu waliona. Dereva mwenyewe hakukana.

Mtadhani hapo kesi imekwisha. Haikuwa hata imeanza.

Dereva alishtakiwa Boma, ofisi ya wilaya, Njombe. Akatozwa faini. Hulda, angali kitandani hospitali, akamuuliza kaka yake Enoki, "Hiyo faini nitaletewa lini?"

"Dada, faini ni ya Serikali."

"Kwani uliovunjika ni mguu wa Serikali?"

Akaambiwa fidia ya jeraha adai mwenyewe. Basi akaanzia karibu, mahakama ya mtwa, mtawala wa jadi. Wazee walimpa kiti, wakampa pole, wakamsikiliza mpaka mwisho. Kisha karani akauliza mwenye lori ni nani. Alipotajwa, kalamu ikawekwa chini.

"Mama, hapa tunahukumu Waafrika tu. Mzungu hatumgusi. Nenda Boma."

Akaenda Boma. Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, alisikiliza, akampa haki: mwenye lori alipe, maana dereva alikuwa kazini kwake. Nyumbani wakapika, wakaimba. Mwenye lori akakata rufaa Mahakama Kuu.

Jaji alipokuja Iringa kusikiliza mashauri, hakuuliza habari za mguu. Aliuliza habari za uwezo wa Boma. Dai lile, alisema, lilikuwa kubwa kupita uwezo wa mahakama ile. Hukumu ikafutwa. Hulda aanze upya, kwa hakimu mkazi wa Iringa.

Aanze upya, wasikilizaji! Binti yake, Beatrisi, anakumbuka: "Mama alirudi akakaa jikoni, hakutaka chakula. Akasema, 'Wote wanakubali nilikanyagwa. Wanachogombania ni mlango wa kunipitisha.'"

Na njia ya Iringa inapita Makambako. Yeye aliyevunjwa na lori, ilimbidi apande lori, apite palepale. "Alifumba macho," anasema Beatrisi, "akanishika mkono mpaka ukafa ganzi."

Hata Manase alichoka. "Mke wangu, tuache. Turudi tukalime."

"Nilime kwa mguu upi?"

Manase akabeba mfuko wa mkewe, wakaondoka pamoja.

Huko Iringa, wakili wa mwenye lori akadai mama huyu amepona, mbona kaja mahakamani anatembea? Hulda akaomba ruhusa ya hakimu. Akajaribu kupiga goti, kama wanawake wa kwetu wanavyowaamkia wakubwa. Goti likakataa. Akaanguka ubavu mbele ya watu wote.

"Kuja nimekuja," alisema akiwa sakafuni. "Lakini baba yangu mzazi siwezi tena kumwamkia."

Mkalimani akafasiri. Wakili akaketi.

Hulda alishinda. Mwenye lori akakata rufaa tena! Miezi ikapita, jaji akangojwa, faili likasemekana liko njiani. Katikati ya kungoja huko Manase akaugua kifua, akafa.

Safari hii Mahakama Kuu iliitupa rufaa. Enoki alikuja mbio kutoka Boma. "Dada, kamwene!" akaamkia kwa kilugha cha kwao. "Tumeshinda!"

Hulda alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Kamwambie Manase," alisema. "Mimi kilima kile siwezi kukipanda."

Kaburi lilikuwa juu kilimani. Enoki alipanda, akavua kofia, akamwambia shemeji yake.

Beatrisi, Mzee Enoki, na ukoo wote mlioko Njombe na Makambako, tunawapa pole. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki tutafakari, hasa tunaokalia viti vya ofisi. Akija mtu leo anachechemea, tumuulize kwanza ameumia wapi. Habari za uwezo wa ofisi zitafuata.