Elkana Wangwe na Jina la Kazi Yake

Elkana Wangwe alizaliwa tarehe 9 Agosti 1963 huko Kegonga, mtoto wa tatu wa Mzee Wangwe na Mama Robi, wakulima wa mahindi. Maneno haya yameandikwa na mkewe, ili asitokee mtu wa kuyatunga mengine matanga yakiisha.

Alisoma shule ya msingi Kegonga na sekondari Migori. Mwaka wa 1984 alijiunga na chuo cha utabibu Nairobi, akahitimu tiba kazi mwaka wa 1987. Jina hilo lilimsumbua maisha yake yote. Alipoanza kuhudumu Migori, vijana walimbishia mlango wakiwa na vyeti mkononi.

"Daktari wa kazi, kuna nafasi?"

Aliwaeleza kwa upole kwamba kazi anayoitafuta ni ya mkono wa mgonjwa: kuvaa, kuoga, kupeleka kijiko mdomoni. Baadhi yao waliondoka wakiamini kwamba amewaficha nafasi.

Tarehe 13 Desemba 1992 alifunga ndoa na Elizabeth Bhoke, mwalimu, katika kanisa la Waadventista Migori. Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka wa 1998 alihamishiwa Homa Bay, akahudumu huko hadi alipostaafu. Mgonjwa mmoja, Benta, alifika kutoka Lambwe akiwa amepooza mkono wa kulia. Elkana akamkabidhi mwiko.

"Daktari, nimetoka Lambwe nikuje kukupikia?"

"Koroga, mama. Ikikataa kuwa ugali, tutakunywa uji."

Walikunywa uji mara nyingi. Siku ugali uliposimama, Benta aliwaita wauguzi wote waje waonje. Hata hivyo wapo waliouliza unga wa idara unaishia nyumbani kwa nani. Ijulikane leo kwamba unga huo ulitoka nyumbani kwake.

Bima hazikulipia huduma hiyo. Kwao kukoroga ugali hakukuwa matibabu, na wagonjwa wengi walirudi nyumbani kabla mikono haijazoea. Kwa miaka mingi Elkana na wenzake wachache walikwenda mikutanoni kueleza. Waliosinzia katika mikutano hiyo huenda wakaomba kipaza sauti leo. Wapewe, ila wawe wafupi.

Julai 2024 kiharusi kilimpata yeye mwenyewe, kikachukua mkono wa kulia na sehemu kubwa ya usemi. Mokeira, aliyefunzwa naye Homa Bay, alikuja Migori kila juma kumhudumia. Madai ya bima yakarudishwa mara mbili. Ndipo ofisa mmoja wa bima akafika nyumbani kumshauri Elizabeth.

"Mwalimu, andika tu fiziotherapia. Hiyo mfumo inajua. Hii yenu italala huko. Nani atauliza?"

Elkana, ambaye siku hizo aliomba hata maji kwa kidole, alisema, "Tiba." Akavuta pumzi. "Kazi."

Mokeira alipangusa macho. Mkewe alimsindikiza ofisa hadi langoni. Ofisa huyo anajijua. Ikiwa yuko hapa, karibu chakula.

Kuanzia hapo familia ilimlipa Mokeira kutoka mfukoni. Wanaonong'ona kwamba mgonjwa alinyimwa matibabu wamuulize yeye. Amekaa pale mbele, amevaa buluu.

Tarehe 14 Machi 2025 bima ilikubali kulipa, na huduma ikaitwa kwa jina lake, tiba kazi. Mellen alimsomea babake ujumbe huo kwenye simu. Akaashiria usomwe tena.

Sabato ya tarehe 3 Mei alivaa shati jeupe na kukataa kusaidiwa. Ibada ilikuwa imeanza tulipofika. Wapo walioona kifungo kimoja kimeingia tundu la jirani, wakasema nyumbani hakuna anayemwangalia. Alikuwa akiangaliwa. Vifungo vile vyote alivifunga mwenyewe, kwa mkono wa kulia, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyethubutu kuvigusa.

Kiharusi cha pili kilimchukua Jumatatu tarehe 5 Mei 2025, nyumbani kwake Migori.

Ameacha mjane, Elizabeth, watoto, Mellen na Jacktone, mjukuu mmoja, Robi, ndugu wawili, na wagonjwa wanaojivika wenyewe kila asubuhi.

Leo amevikwa shati lile lile. Watakaopita kumuaga wataona kifungo hicho. Kiachwe kilivyo.

Elkana, pumzika kwa amani. Kazi yako ina jina.